Ukuta wa Chumba cha Rosine

Sipendi mutu anifundishe kazi yangu. Kwa hiyo Octave aliponiambia, "Shemeji, chumba ya kulala paka rangi juu ya karatasi tu, usibandue," nilimwitikia ndiyo, moyoni nikamcheka. Rangi juu ya karatasi kuukuu za ukutani? Mvua moja tu ya Kasongo, zote zinavimba.

Tena nilikuwa namshuku. Wake wawili walishamfia katika nyumba yake ile ya kizamani, iliyojengwa na Wabelgiji, na Jumamosi dada yangu Rosine anaingia wa tatu. Kwao Octave, kaka wa bibi harusi ndiye anatengeneza chumba. Basi nikaenda.

Jua lilikuwa linashuka. Octave alitoka kununua rangi. Nikachemsha maji, nikalowesha ukuta, nikaanza kupara. Maua ya karatasi yakabanduka vizuri, mpaka kisu kikagusa kitu laini.

Kitambaa. Kimegandishwa kwa uji wa muhogo. Pembeni yake, alama mbili za vitambaa vingine vilivyobanduliwa zamani.

Nikanusa... Mafuta ya nywele. Ya Rosine.

Kilikuwa kipande cha kitenge chake cha ndege wa njano, kilichopotea kwenye kamba ya nguo juzijuzi. Lakini karatasi niliyoitoa juu yake ilikuwa ya miaka mingi, haijaguswa na mutu. Kimepitaje?

"Mchawi we!" Hasira ikanipanda. Nikakimwagia maji ya moto, nikapara kwa nguvu zote.

Ukuta ukavuta pumzi.

Hhhh...

Nikaking'oa, nikatia mfukoni, nikarusha pikipiki mpaka nyumbani.

Rosine alikuwa amelala kifudifudi mkekani, mama anampepea. Mgongo wote umebabuka.

"Kaka," akanong'ona, "nani amenimwagia maji ya moto? Nilikuwa natwanga majani ya sombe, niko peke yangu..."

Simu ikalia. Octave.

"Shemeji... ulibandua?"

Nikapapasa mfuko wenye kitambaa. Akaendelea:

"Si mimi naweka vitambaa. Ile nyumba inashika yenyewe kila bibi anayekuja. Wale wawili wa kwanza walikufa kwa kuwa kaka zao walibandua. Rudisha ukutani kabla giza haijaingia."

Mwongo yule. Mchawi ni yeye, nilijua, na hata leo namchukia. Lakini Rosine akalia tena, na kitambaa kilikuwa kinapata moto mfukoni mwangu.

Nikamgeukia mama.

"Mama, bunga ya muhogo ya kupika uji iko?"