Fomu Iliyochomwa Mwezi wa Saba

Moto uliikataa ile karatasi mara mbili. Mara ya kwanza iliruka kutoka ndani ya pipa ikaanguka kwenye sementi bila hata pembe moja kujikunja. Mara ya pili ililala juu ya makaa ikatulia, kama imewekwa mezani. Yoke Peng akaisukuma kwa fimbo ya pazia mpaka chini kabisa, katikati ya mashati ya karatasi na nyumba ya karatasi ya ghorofa mbili, ndipo ikashika, ikawaka kijani. Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado kali kwenye uchochoro nyuma ya maduka, siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba kwa kalenda ya wazee wa Kichina, na mji mzima wa Ipoh, huko Malaysia, ulikuwa unanuka majivu.

Kila mtu alikuwa anawachomea wafu wake. Yeye alikuwa anamchomea baba mkwe: viatu, simu, na kadi za benki za karatasi zenye picha ya mfalme wa kuzimu, kwa maana siku hizi hata marehemu hawataki usumbufu wa kubeba noti. Kila furushi lazima liandikwe jina la mwenyewe kwa wino mwekundu. Usipoandika, mizimu isiyo na ndugu, ile iliyokufa bila mtu wa kuikumbuka, inaudaka mzigo njiani. Karatasi iliyowaka kijani nayo ilikuwa na jina, lakini la mtu aliye hai. Lilikuwa jina la mumewe, Chee Hoong, na chini yake saini yake.

Sitamtetea huyu mama. Aliiona. Ilikuwa imechanganyika na vitu vya kuchoma juu ya meza ya cherehani, na mkono wake ulipoigusa alijua kabisa ni nini, akaibeba hivyo hivyo.

Ilikuwa fomu ya kadi ya mkopo, na kwa siku tatu nyumba ile haikuwa na habari nyingine. Kadi yao ya zamani ilikuwa inawanyonya riba ya asilimia kumi na nane, na walidaiwa ringgit elfu nane tangu mwaka ule waliponunua cherehani kubwa ya mapazia na Chee Hoong akapasuliwa mgongo. Mwanamke wa benki aliyeweka meza mlangoni mwa supamaketi alimwonyesha Chee Hoong kadi mpya: asilimia sita tu, deni lote unalihamishia huku, na ukitumia elfu mbili ndani ya siku sitini unarudishiwa mia tatu taslimu, zawadi ya kujiunga. Chee Hoong ni fundi pikipiki, mtu wa kuamini anachokisikia. Akajaza fomu usiku ule ule.

Yoke Peng akavaa miwani akasoma chini, kule kwenye herufi za sisimizi. Asilimia sita ilikuwa ya mwaka mmoja. Ukichelewa kulipa mwezi mmoja tu, inapanda kuliko hata ile ya zamani.

“Hizo elfu mbili za kutumia tunazitoa wapi?” akauliza.

“Si kwenye kadi hiyo hiyo.”

“Yaani tukope elfu mbili ili tupewe mia tatu.”

“Za bure, Peng.”

“Za bure, halafu zikaandikwa kidogo hivi?”

Wakapima hivi, wakapima vile. Mume akasema mkewe anasoma karatasi kama anayetafuta chawa. Mke akasema bora chawa kuliko kunguni. Yangeishia kwenye utani, maana walikuwa watu wa utani, ila siku ya tatu Chee Hoong aliishiwa maneno, na mtu akiishiwa maneno huokota yaliyo karibu. Akasema mwanamke ambaye hajaleta mtoto ndani ya nyumba asimfundishe mtu habari za kesho. Saa mbili baadaye pipa likawashwa.

Asubuhi Chee Hoong alikwenda kumwaga majivu, akarudi na noti sita za hamsini hamsini, zimelowa chapachapa ilhali majivu yalikuwa bado ya moto. Katika mwezi wa saba hata mtoto wa chekechea haokoti pesa ya chini. Yoke Peng alimwambia azirudishe. Badala yake mume akatoka, akalipa umeme, akarudi na bata mzima wa kuchoma. Yoke Peng naye alikula, paja zima, na vidole akalamba.

Siku ya tatu baada ya moto ikaja harufu. Ilikaa mbele, katika duka lao la mapazia, kwenye yale ya maonyesho yaliyoning'inia safu safu, nayo ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyeshinda na njaa siku nyingi, imechanganyika na majivu yaliyonyeshewa. Siku ya nne alifunua sufuria ya wali akakuta shimo katikati, limechimbwa mpaka chini, jembamba la kupitisha kidole. Siku ya tano mchana, akishona, akasikia mtu anameza. Alimeza kwa shida, kama anayelazimisha tonge kavu, akapumzika, akameza tena. Yoke Peng akaacha kushona. Chini ya pindo la pazia la maua, safu ya pili, palikuwa na miguu miwili, myembamba, rangi ya karatasi iliyoungua, na visigino vyake havikugusa sakafu.

Siku ya saba mteja alitaka lile pazia la maua. Chee Hoong akanyanyua mkono wa kushoto kulichomoa kwenye vikulabu, na mkono ukakwama. Kwanza alicheka, akadhani amenaswa na kikulabu. Halafu akaanza kupiga kelele, na Yoke Peng akamshika kiuno akamvuta, na alivyovuta ndivyo na kitu cha nyuma ya pazia kilivyovuta, mpaka ikasikika sauti ya mfupa, kavu, ndogo, na wote wawili wakaanguka chali juu ya mteja, damu inaruka kwenye vitambaa vyeupe, na kidole kidogo cha Chee Hoong hakikuwepo, kimeng'olewa kutoka kwenye shina.

Hospitali waliuliza ni mashine gani. Yoke Peng akasema mashine. Aliporudi nyumbani peke yake kuchukua nguo, kitu kikamvuta mpaka uchochoroni, akachungulia pipa. Juu ya majivu ulikuwepo ukucha mmoja, umeoshwa safi. Kilichukuliwa kidole, ukarudishwa ukucha. Akakaa chini pale pale kwenye sementi, kwa sababu sasa alijua ile fomu ilipokelewa na nani kule kuzimu, na ni kadi gani iliyotolewa.

Hakumwambia mumewe. Waliteremsha mapazia yote wakayafungia stoo. Haikusaidia, maana siku ya kumi na nne Chee Hoong alikuwa gereji kwake, nje, watu wamejaa, amechuchumaa karibu na turubai la kukinga jua, na turubai likamvamia kichwa bila upepo wowote na kumbana, na wenzake waliomkimbilia wanasema walisikia kutafuna, taratibu, kwa adabu, na walipolirarua kwa visu walimkuta ameng'ata ulimi, sikio la kulia limekwenda na ngozi ya shavu mpaka mfupa unaonekana. Kwenye pipa zilirudishwa nywele tatu za sikioni.

Ndipo wakaenda kwa Mzee Loke, mganga wa kile kihekalu kilicho kwenye pango la mlima wa chokaa, mtu mkali anayevuta sigara mfululizo. Hakupandisha mashetani wala kutetemeka. Alinusa bandeji ya Chee Hoong akauliza nani aliyechoma jina la mtu hai.

Yoke Peng akasema ni yeye, akasema na sababu. Chee Hoong alimtazama kwa lile jicho lililokuwa nje ya bandeji.

Mzee Loke akawaeleza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa. Huyo ni mmoja wa wale wasio na ndugu. Alikuwa hana jina la kulia chakula wala kunywea maji, nyinyi mkampa, na saini juu. Akatanguliza zawadi, mkaila. Sasa anakula haki yake.

“Kwa nini hanimalizi?” Chee Hoong akanong'ona.

“Koo lake ni jembamba kama sindano. Anakula kidogo kidogo, na kidogo anarudisha, usimwone mbaya. Hutaona uzito. Mwaka utapita, wa pili utapita, utakuwa bado unapumua.”

Tulichoma pesa za kuzimu, Yoke Peng akasema, mamilioni. Mzee Loke akasema pesa si chakula. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, deni lihamishwe: mtu mwingine ajaze fomu kwa mkono wake, atie saini, ichomwe kwenye pipa lile lile. Ya pili, alipwe lote kwa mkupuo. Mtu wa nyumba ile ampe kwa hiari mlo asioweza kuumeza, apaliwe nao, aondoke.

“Mlo gani?”

Mganga akamgusa Yoke Peng kwenye kiwiko. “Kuanzia hapa,” akasema.

Walirudi kwa miguu. Usingizi haukuja, na karibu na alfajiri Chee Hoong alisema kwamba mikono yake ndiyo kazi yake. Yoke Peng akajibu kwamba hata yeye anashona kwa mikono. Ndipo mumewe akasema kitu ambacho Yoke Peng alidhani amekisikia vibaya.

“Mdogo wako hana mume. Hana mtoto. Nani atamlilia?”

Yoke Peng alimpiga kofi upande ule wa jeraha, kwa nguvu zake zote, na bandeji ikalowa damu. Mdogo wake, Yoke Mun, aliuza tambi katika mji wa Kampar. Yoke Peng ndiye aliyemlea tangu mama yao alipokufa, alimbeba mgongoni mpaka shule.

Siku ya ishirini na moja Chee Hoong aliondoka mapema na pikipiki, hakuaga. Saa nne simu ikalia, na alikuwa Mun, mchangamfu kama kawaida, kelele za wateja nyuma yake. Alitaka kumshukuru. Shemeji amekuja mwenyewe na uso wake wote huo wa bandeji, masikini, kaniletea fomu ya ile kadi yenu ya riba ndogo. “Anasema kuna mia tatu za bure, dada. Nimeshasaini, ndiyo kwanza ameondoka nayo.”

Yoke Peng akaweka simu. Kutoka Kampar mpaka Ipoh ni saa moja kwa pikipiki.

Nikwambie alichofanya katika saa hiyo. Alipima. Aliketi kwenye cherehani akaweka mikono yote miwili juu ya kitambaa, wa kulia unaoongoza pindo, wa kushoto unaosukuma, akaipima kama alivyopima kila kitu maishani mwake, na akalia kwa sauti, kwa sababu alikuwa anaipenda mikono yake. Kisha akaenda stoo, akatoa pazia moja zito la kijivu, akalitundika peke yake katikati ya duka. Akajifunga mkanda wa mumewe juu ya kiwiko cha kushoto, akaukaza kwa meno.

Chee Hoong hakupitia dukani. Alisikika uchochoroni, kiberiti kinakwaruzwa. Yoke Peng alitoka mbio, akamkuta ameinama juu ya pipa na fomu mkononi, mwandiko wa duara wa Mun umejaa karatasi, pembe imeshaanza kuwaka kijani. Akaidaka. Mume akamkaba koo kwa mkono wenye vidole vinne, akambamiza kwenye pipa la moto, mara ya kwanza, mara ya pili, anasema nipe, Peng, nakufa, nipe, na yeye akaisokota fomu na moto wake akaitia kinywani, akatafuna, ulimi unaungua, akameza. Halafu akamsukuma kwa goti, akarudi ndani huku anapepesuka.

Visigino vilikuwa vinasubiri chini ya pazia la kijivu, havikugusa sakafu.

Aliutia mkono wa kushoto nyuma ya pazia, wote, mpaka kwenye mkanda, akasema kwa kinywa kilichoungua, “Chukua wote,” na kule nyuma ukimya ukawa mkubwa, kisha pumzi ya njaa ile ikamjia kwenye ngozi, baridi, na meno yakaanza kwenye vidole, taratibu kama yalivyozoea, naye hakuvuta, alisukuma, akausukuma mkono ndani ya kile kitu, kifundo, kigasha, akahisi koo jembamba linachanika kama mshono mbovu, linapaliwa, linakoroma, makucha yanamparura bega yakitaka kumtoa, sasa ni lenyewe linalomsukuma na yeye hataki kutoka, akaegemeza uzito wake wote na kupiga yowe lililosikika mpaka barabara kuu, mpaka mfupa ukaachia kwenye kiwiko na pazia likaanguka, na nyuma yake palikuwa na ukuta tu, na majivu yaliyolowa, ndoo nzima, yanatiririka kuelekea mlangoni.

Mwezi wa saba ulikuwa umeshapita, na wa nane nao ukapita. Pipa walilichukua watu wa vyuma chakavu. Mun alifunga kibanda chake akaja kumuuguza dada yake, na alivyokuwa na moyo, akamuuguza na shemeji pia, anambadilishia bandeji na kumtania kwamba sasa atasikia nusu ya umbea. Waliambiwa ni mashine, yeye na majirani, na waliamini.

Asubuhi moja walikuwa mezani wote watatu, uji wa mchele na mayai ya chumvi. Mun alikuwa anamenya yai la dada yake, maana halimenyeki kwa mkono mmoja. Akakumbuka kitu, akacheka.

“Shemeji, ile fomu yangu ilifika benki kweli? Mwezi wa pili huu. Mbona mia tatu zangu sizioni?”

Chee Hoong aliinamia bakuli lake.

Yoke Peng akasubiri. Alimpa nafasi ndefu kuliko aliyostahili. Kisha akaweka chini kijiko chake na kumwambia mumewe, polepole kabisa, “Mwambie.”