Dakika Kumi za Kuelea

Kila Jumamosi asubuhi nilimsaidia shangazi kubeba vifaa hadi bwawani. Yeye hufundisha watu kuzamia na mtungi wa hewa, na kwake hakuna mchezo: huvai mtungi mpaka uelee dakika kumi kwenye maji marefu bila kugusa kitu.

Tulipoanza na sisi kujifunza, binamu yangu, mtoto wa shangazi, alielea huku akipiga miayo. Mimi nilikuwa nazama kama jiwe. Siku ya mtihani nikagundua ukingo wa vigae chini ya maji, ukutani. Nikauegemezea kidole gumba cha mguu. Shangazi alikuwa akitazama saa yake.

"Umefaulu, mwanangu," alisema.

Binamu aliona. "Kule kati hakuna ukingo," alininong'oneza.

"Hebu funga domo lako," nikamjibu.

Jumamosi iliyofuata mawingu yalikuwa mazito, na maji ya kati yalionekana meusi. Shangazi alinikazia mikanda ya mtungi.

"Ulielea bila kugusa kitu?" Humuuliza hivyo kila mwanafunzi.

"Ndiyo, shangazi."

Tukashuka. Masikio yaliniuma, na juu mwanga ulizidi kufifia. Tulipofika chini, aliniashiria niingize maji kidogo ndani ya miwani ya kuzamia, kisha niyatoe. Yalipogusa pua, nilisahau kila kitu. Nilitema kifaa cha kupumulia, nikatapatapa, mguu ukitafuta ukuta usiokuwepo. Nikameza maji. Nilijua ninakufa, tena kwa uongo wangu mwenyewe.

Mkono wa shangazi ukanikamata. Alinirudishia kifaa mdomoni, akanipandisha polepole.

Nilikohoa hadi machozi yakanitoka, kisha nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alinifungua mikanda ya mtungi, na upole huo uliniumiza kuliko fimbo.

"Nilikuuliza," alisema tu.

Kwa Jumamosi sita sikuvaa mtungi. Niliogelea, nikameza maji, binamu akanicheka na kunishika mgongo mpaka woga ukanitoka. Jumamosi ya saba nilielea katikati ya bwawa dakika kumi kamili.

Shangazi alikuwa majini kando yangu. "Mtihani huu si wa kunifurahisha mimi," alisema. "Ni wa siku utakayopatwa na shida nami niko mbali. Siku hiyo utaokolewa na kile ulichojifunza kweli. Ulichodanganya hakitakuja kukusaidia."