Kamba Nyuma ya Mlango

Mama ndiye aliyeiona kwanza. Alikuwa anachambua mchele sebuleni, mchana kweupe, redio inaongea peke yake, mara ile kamba ya kazini iliyotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango ikacheza. Upepo haukuwepo. Akadhani ni panya, akapiga ukuta kwa kandambili, akarudi kwenye mchele wake. Kamba ikacheza tena. Ilivutwa kwenda chini mara tatu, fupi fupi, kisha ikatulia kama kamba yoyote yenye adabu.

Jioni alimwambia mwanawe, "Kamba yenu inanuka kutu." Mengine hakuyasema. Alisema "yenu" kana kwamba wenyewe walikuwa bado wawili.

Walikuwa wawili kweli, ndugu wa tumbo moja, mpaka juzi juzi. Wote walisafisha matangi kwenye kiwanda cha mafuta. Wa kwanza mtaa mzima ulimwita Mkubwa. Wa pili aliitwa Vituko, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa siku ya kuzaliwa. Vituko ndiye aliyeingia ndani ya tangi kupitia mdomo wa juu, mkanda kiunoni, tochi kichwani, akakwangua mabaki ya mafuta yaliyoganda. Mkubwa alibaki juu ameshika kamba. Ndani ya tangi maneno hugongana yakapotea, kwa hiyo watu huongea kwa kamba. Kuvuta mara moja, niko salama. Mara mbili, legeza. Mara tatu, nitoe. Mshika kamba huzungusha ncha yake kwenye kifundo cha mkono isije ikamponyoka, na Mkubwa alikuwa ameizoea hivi kwamba aliweza kwenda kunywa chai nayo bado iko mkononi, wenzake wakamcheka kuwa ni mbuzi aliyekata kamba.

Kazi ya hatari haikosi vichekesho. Saa ya chai walikuwa na kanuni moja: aliyeshtuka kazini anasimulia mwenyewe, maana ukiwaachia wenzako watakuongezea na mkojo. Fundi wa kuchomelea alisimulia alivyokuwa juu kabisa ya tangi, njiwa akaruka kutoka ndani ya kofia yake ya chuma, naye badala ya kumtaja Mungu akamwita mama mkwe. Lakini aliyewapasua mbavu ni Vituko. Siku moja alishuka tangini akamkuta mzee chini, ana taa kichwani, anamtazama. Akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Kimya. Akamwamkia tena. Kimya. Akaudhika, akamnyooshea kidole, na mzee naye akamnyooshea kidole. Ilikuwa sura yake mwenyewe kwenye mafuta.

"Nimejiamkia mwenyewe," alisema, "halafu nikajinunia."

Alikuwa na mchezo mwingine. Akichoka huko ndani, alivuta mara tatu bila sababu. Mkubwa angemvuta mbio, jasho linamtoka, kisha angetokea mtu pale mdomoni ametoa meno yote. "Nilikukumbuka tu, kaka."

Siku ile ya mwisho, Vituko bado yumo ndani, kamba ilivutwa mara tatu wakati watu wako kwenye chai, hapo hapo kando ya tangi. Msimamizi alisema, "Mwache leo, ajue utani una mwisho." Wote walicheka, Mkubwa akiwemo. Ikavutwa tena mara tatu. Wakacheka zaidi. Walipokuja kumtoa alikuwa mzito na kimya, hewa mbaya imeshammaliza. Ipo methali ya watu wazima, mzaha mzaha hutumbua usaha, na kila mtu aliikumbuka, lakini hakuna aliyethubutu kuitamka mbele ya Mkubwa.

Kwa hiyo mama alipomuuliza, "Mkivuta mara tatu maana yake nini?" Mkubwa alijua kabla hajamaliza kuuliza. Aliitazama kamba nyuma ya mlango. Alitamani sana kusema uongo, ila hakuupata kwa haraka.

"Nitoe," alijibu.

Kuanzia hapo mama aliweka kigoda nyuma ya mlango. Kamba ikivutwa, naye anavuta. Ilikuwa inashuka sakafuni tu, haifiki popote, lakini alivuta kama mtu anayeteka maji kisimani, mpaka viganja vikachubuka. Mashavu yakabonyea. Nguo zikamlegea. Mkubwa akimwambia ale kidogo, alijibu kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Mwanangu ananiita, niache kumvuta nikale?"

Kiwandani nako hakukukalika. Aliyechukua nafasi ya Vituko aliingia kwenye tangi lile lile, na kwa kuwa alikuwa na hofu na hakutaka ijulikane, akatania kama marehemu alivyotania. Alipiga tochi chini akasema, "Shikamoo, mzee." Tangi lilikuwa kavu, halina hata tone la kuonyesha sura ya mtu, na katika ukavu ule ikapanda harufu ya kutu mbichi kama pumzi ya mtu aliyelala kinywa wazi, kisha kutoka pembeni kabisa, mahali ambapo mwanga wa tochi ulifika na haukuonyesha kitu, sauti ya taratibu, isiyo na haraka, ikaitikia, "Marahaba." Jamaa alitoka bila kugusa ngazi. Saa ya chai kanuni ilimbana, akasimulia. Hakuna aliyecheka. Fundi wa kuchomelea alikimwaga kikombe chake kikiwa bado kimejaa.

Ndipo Mkubwa alipomleta mganga, mama mmoja ambaye mchana alishona magodoro na hakuwa na makuu. Aliinusa kamba. Akamtazama mama pale kigodani kwa muda mrefu. Kisha akamvuta Mkubwa uani, wakanong'ona.

"Huyu si mdogo wako. Mdogo wako amepumzika. Matangi yakikaa matupu hupata wenyewe, na ule wito wa siku ile ambao hamkuuitikia, jini ameuokota. Sasa kila mama akivuta, yeye anapanda, na mama anashuka."

"Atashuka mpaka wapi?"

"Mpaka alipokuwa yeye."

Ndani walisikia mama akihema kwa kuvuta.

"Kaishushe kamba kwenye tangi lile lile," mganga alisema. "Ataomba. Usivute. Akichoka, ikate pale mdomoni, iende yote. Usibaki hata na uzi."

"Unaniambia nimfanyie tena vile vile."

"Nakuambia umfanyie jini."

"Nitajuaje tofauti?"

Mganga alikuwa mtu mkweli. "Hutajua," alisema.

Kesho yake alfajiri aliitungua kamba mama akiwa amesinzia, na mchana, wenzake wamesimama mbali na kofia mkononi, Mkubwa alipanda juu ya tangi, akazungusha ncha kifundoni kwa mazoea ya miaka, akaishusha kamba. Haikupita muda. Ilivutwa mara tatu. Akakita miguu, asivute. Ikavutwa tena, kwa upole, kama mtoto anayevuta upindo wa nguo ya mama yake sokoni, na harufu ya kutu ikapanda ikamjaa puani mpaka akaionja ulimini, na sauti ikaanza kusimulia kutoka chini, ile ile sauti, kuhusu mzee aliyeamkiwa asiitikie, ikatua pale pale ambapo Vituko alizoea kutua ili watu wacheke, ikasubiri, na Mkubwa alihisi kicheko kinamtekenya kifuani pamoja na kilio bila kujua kipi kitatangulia, na sauti ikaacha kusimulia, ikawa nyembamba, ikawa karibu, ikasema, "Kaka. Leo si utani. Kaka, nakosa hewa," na kamba ikavutwa mara tatu, na tatu, na tatu, hata ngozi ya kifundo ikachanika, naye alilia kwa sauti mbele ya wanaume wenzake bila kuona aibu, lakini hakuvuta.

Kisha ikalegea tu. Haikusema kwaheri. Akatoa kisu, akaikata pale mdomoni, akaisikia inaanguka hadi chini.

Nyumbani alimkuta mama kigodani, mbele ya msumari mtupu. Mama alimtazama machoni.

"Mwishoni alivuta mara ngapi?"

Safari hii uongo aliupata. "Mara moja, mama."

"Mara moja ni nini?" Alijua. Alitaka kusikia tu.

"Niko salama."

Mama aliinua uso, machozi yakamtiririka taratibu. Alikula. Alimaliza sahani, akaomba aongezewe, akaenda kujilaza jua likiwa bado liko juu, na punde akawa anakoroma kama zamani, ule mkoromo ambao Vituko alikuwa akiuigiza. Mkubwa alisimama mlangoni mwa chumba akiusikiliza. Ilikuwa siku nyingi hajasikia kitu kizuri namna ile.

Alikwenda kunawa. Alipokunja mkono wa shati akaiona. Ncha ya kamba ilikuwa bado imezunguka kifundo mara mbili, na kipande cha shibiri kinaning'inia. Aliizoea mno. Alikuwa ameikata mbele ya mkono wake, akaja nayo nyumbani bila kuihisi, kama mtu asivyoihisi pete yake. Aling'ang'ania fundo kwa meno. Kutu ikamjaa mdomoni.

Kipande kile, ambacho hakikufungwa kwenye kitu chochote, kikanyooka kuelekea sakafuni. Kikavutwa mara tatu.

Alijua ni nini. Mganga alikuwa amemweleza, na maneno yote aliyakumbuka. Alijua pia kwamba safari hii wa kushuka hangekuwa mama. Aligeuka akausikiliza ule mkoromo, kisha akausukuma mlango wa chumba mpaka ukafungika taratibu.

Kikavutwa tena, mara tatu.

"Nimekusikia, mdogo wangu," alinong'ona. Akaishika kamba kwa mikono miwili, akakita miguu kama kazini, akavuta. Upande wa pili kulikuwa na uzito wa mtu.