Sweta la Njano Ndani ya Sufuria

Kila alipotoka shule, Cheche alipitia studio ya picha ya shangazi yake, akavua viatu mlangoni na kushika ufagio. Jina hilo alibandikwa na baba yake kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuwaka, na siku hizi alikuwa akiwaka kila siku. Alifagia. Alipiga pasi. Aliwachana nywele watoto wa wateja na kuwachekesha wazee walionuna. Kamera yenyewe aliishika mara chache, tena shangazi akiwa amesimama nyuma yake kama askari.

Siku hiyo mezani palikuwa na sufuria mpya zilizosuguliwa mpaka zikawa zinametameta. Alizileta baba yake, fundi sufuria. Kwa miaka mingi baba alimuuzia dalali aliyezishika kwa vidole viwili kana kwamba zinanuka, kisha akaenda kuzitembeza kama kazi yake mwenyewe. Sasa duka kubwa la vyombo lilikuwa limekubali kuangalia picha. Zikimpendeza mnunuzi wa duka, baba angeachana na dalali. Zisipompendeza, angerudi palepale, kwenye vidole viwili.

"Naenda kupiga picha za vitambulisho," shangazi alisema. "Kile kitambaa cheupe kimetoka kufuliwa. Kipige pasi, mikunjo yote itoke. Nikirudi tunaanza sufuria."

"Mimi nitapiga pasi mpaka lini, shangazi?"

"Mpaka mikunjo iishe."

"Kwani kupiga picha si kubofya tu?"

Shangazi alisimama mlangoni, uso umembadilika. "Neno hilo nimeshawahi kuambiwa," alisema polepole. "Lisirudi tena humu ndani."

Cheche akabaki anafura. Kitambaa kilikuwa kwenye kikapu, kimekunjamana, akakipita. Alisogeza meza karibu na dirisha, akachukua kamera, akabofya mara nyingi kwa hasira. Kwenye kioo kidogo cha kamera sufuria zilipendeza kweli. Alihamishia picha kwenye simu ya studio, akamtumia mnunuzi: "Picha zetu hizi hapa."

Shangazi aliporudi aliongozana na baba. Hawajakaa vizuri, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Cheche akaufungua kwa mbwembwe, wote wasikie.

"Jamani," mnunuzi alikuwa anacheka, "mnauza sufuria au mnauza mtoto mwenye sweta la njano? Sina muda wa mizaha. Tuachane."

Shangazi alifungua picha kwenye kompyuta. Kwenye tumbo la kila sufuria alisimama Cheche na sweta lake la shule, kichwa kidogo, tumbo limevimba, magoti yamepinda. Nyuma yake lilionekana dirisha, na nyuma ya dirisha, nguo za jirani kwenye kamba. Sufuria inayong'aa ni kioo. Inachukua kila kilicho mbele yake.

Baba alikaa kama mtu aliyesukumwa. "Nimesugua mpaka vidole vimechubuka," alisema. "Ili duka likaone suruali ya jirani?"

Cheche alitaka kucheka, machozi yakawahi.

"Nani alikutuma?" shangazi alifoka.

"Hakuna. Nilikasirika, shangazi. Nikapiga bila kitambaa, nikatuma bila kukuuliza."

"Afadhali umesema kweli." Lakini sauti haikushuka. "Unamjua aliyeniambia kupiga picha ni kubofya tu? Huyohuyo anayecheka! Nilimpigia picha za mabango ya duka lake, akazitundika kila kona, jina langu akalikata. Nilipomuuliza, akanijibu, 'Si ulibofya tu?' Sijasahau! Nimelimeza kwa ajili ya baba yako. Leo nalisikia kwa mtoto wa kaka yangu!"

Shangazi akamnyooshea Cheche simu. "Mpigie."

"Mimi?"

"Wewe. Kuzungumza na mteja aliyekasirika nako ni kazi ya studio. Ulidhani nakupa wazee walionuna ili nikutese?"

Cheche alipiga. "Shikamoo. Ni mimi mwenye sweta la njano."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Zile picha nilizipiga bila ruhusa. Kosa ni langu, si la fundi wala la sufuria zake. Tunaomba uangalie nyingine kabla hujafunga ofisi."

"Haya. Nikiliona tena hilo sweta, usinipigie."

Cheche alilivua sweta, akavaa fulana nyeusi ya shangazi, akawasha pasi. Kitambaa kilizungushwa kwenye meza kama hema, pakaachwa tundu la kuchungulia kamera tu. Baba alipewa ubao mweupe wa kurudisha mwanga.

"Kaka, umepumua!"

"Nisipumue?"

"Ubao unatikisika!"

Mwishowe shangazi akampa Cheche kamera. "Bofya."

Cheche alichungulia. Kwenye tumbo la sufuria kubwa palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Ulikuwa mkunjo wa kitambaa. Aliiweka kamera chini, akafuata pasi. Mkunjo ulipotoka ndipo alipobofya, kisha wakakaa kwenye kompyuta kufuta kila punje ya vumbi pichani, wakamtumia mnunuzi.

Simu ililia kabla ofisi za duka hazijafungwa. "Hizi sawa," mnunuzi alisema. "Fundi aje kesho na sufuria zake."

Shangazi akaikwapua simu. "Na jina la studio yangu litaandikwa chini ya kila picha. Safari hii halikatwi."

"Sawa, sawa."

"Niandikie."

Mnunuzi akatuma ujumbe wa maandishi. Baba alicheka mpaka akapangusa macho, akaanza kufunga sufuria zake moja moja kwenye magazeti.

"Sikiliza, Cheche," shangazi alisema. "Hasira sikukatazi. Hata mimi ninayo, tena ya siku nyingi. Lakini anayejua kubofya tu, kumkata ni rahisi. Jifunze mwanga, kitambaa, kompyuta, na kusema na watu bila kuwadanganya. Jifunze vyote. Halafu akitokea mtu wa kukudharau, kasirika ukiwa na kazi mkononi."

Cheche aliitikia kwa kichwa, akateremsha kile kitambaa na kuanza kukikunja.

"Unafanya nini?" shangazi alifoka.

"Nakikunja."

"Unakikunja! Baada ya yote haya?"

Cheche aliangalia kitambaa, akamwangalia baba, kisha akakiviringisha taratibu kwenye bomba la karatasi ngumu, kisipate mkunjo hata mmoja.