Dakika Moja ya Mwandishi

Spika ilikuwa ikipayuka habari za sabuni ya unga mpaka meza za jirani zinatetemeka. Kwenye mojawapo alikaa mwandishi mmoja mwenye gauni la bluu iliyokoza, kilemba cha njano na rundo la vitabu visivyonunulika. Maonyesho ya vitabu yalifurika siku hiyo. Watu walipita, wakasoma jalada, wakaona neno nyuklia, wakaharakisha kama waliokumbuka wameacha jiko linawaka.

Mwandishi akainuka, akaufuata waya wa ile spika chini ya zulia, nyuma ya nguzo, hadi kwa kijana wa fulana nyeusi mwenye visikizi shingoni.

"Wewe ndiye mwenye kelele hizi?"

Fundi sauti akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu, kisha akarudi taratibu kilembani, maana njiani palikuwa pazuri.

"Kelele ni za sabuni, dada. Mimi nimeziwasha tu."

"Basi zizime. Mimi nazungumzia mabomu yanayoweza kumaliza dunia, wewe unawaeleza watu habari za madoa."

"Dunia ikiisha, si na madoa yataisha?"

Mwandishi alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Fundi akakiona, na moyo wake ukaruka kama spika iliyochomekwa vibaya. Akainyamazisha sabuni, akampelekea kipaza sauti mezani. Hadi jioni kilibaki kitabu kimoja. Fundi akakinunua mwenyewe, akaomba panapowekwa sahihi paandikwe namba ya simu.

Kuanzia hapo simu ikawa haipoi.

"Mama Mabomu, umekula?"

"Nimekula. Usiniite hivyo, shangazi yupo hapa."

"Nikuite nani?"

"Laazizi inatosha. Tena iseme polepole."

Mwandishi alimsimulia jinsi alivyokuwa mwalimu wa fizikia, mpaka mwanafunzi mmoja alipomuuliza, "Mwalimu, kitufe cha hayo mabomu anakishika nani, na nani alimruhusu?" Jibu hakuwa nalo. Akaanza kuandika kulitafuta. Makala za magazeti zikazaa kitabu, kitabu kikazaa mihadhara, mihadhara ikazaa watu wa kumcheka. Shangazi yake, aliyemlea, alikuwa na ushauri mmoja tu: "Andika mapenzi, mwanangu. Mabomu hayana posa."

Hatimaye redio ikauomba mhadhara wake. Mwandishi akajirekodi chumbani, akampa fundi ausafishe. Fundi akaupokea kama aliyekabidhiwa yai.

Tatizo ni kwamba fundi mzoefu huhariri kwa macho. Sauti huchorwa kwenye skrini kama milima, na pasipo na sauti mstari hulala chini. Kwa watu wa kazi ile, kimya hewani ni ajali. Fundi akaona katikati mstari umelala muda mrefu, akadhani kipaza sauti kilizimika. Akakata, akaunganisha, akapiga mluzi na kujisifu.

Redioni watu wakasikia hivi: "King'ora kimelia. Bomu linakuja. Una dakika moja. Ungempigia nani? Asanteni kwa kunisikiliza."

Mji mzima ukacheka. Simu ya fundi ikaita.

"Ile dakika iko wapi?" Sauti ya mwandishi ilikuwa tulivu kuliko kawaida.

"Dakika gani, mpenzi? Nimekuondolea uchafu."

"Ile nilinyamaza makusudi, kila mtu amfikirie mtu wake. Ndiyo mhadhara wenyewe, fundi. Ulinisikiliza kwa masikio au kwa macho?"

Fundi akakosa la kusema.

"Kumbe kunyamaza unakuweza." Simu ikakatika.

Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena, akapokea shangazi. "Baba, mwenzako amesema atahutubia mkutano wa mataifa wa mkataba wa kuyafuta hayo mabomu. Akichekwa na huko, kalamu anaweka chini, anarudi darasani. Sasa wewe endelea kupiga simu."

Fundi akairudia ile rekodi, safari hii akiwa amefumba macho. Akasikia pumzi ya mwandishi, kiti kikilia, gari likipita mbali. Dakika ilipokwisha, akakuta kidole chake kimeshabonyeza nusu ya namba ya mwandishi.

Siku ya mkutano fundi alikuwa juu, nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, maana ukumbi ule ndio uliokuwa umemwajiri. Chini walikaa wajumbe wa nchi nyingi, kila mmoja na suti yake na usingizi wake. Mwandishi akapanda jukwaani na kilemba kilekile cha njano.

"Una dakika moja," akasema. "Ungempigia nani?"

Akanyamaza.

Meneja wa ukumbi akaja mbio. "Kipaza sauti kimekufa. Weka muziki."

"Kiko hai, mkuu."

"Kijana, kazi huitaki?"

Fundi akafunika swichi za muziki kwa kiganja. Kwa mkono wa pili akazima viyoyozi vilivyokuwa vikinguruma. Kimya kikashuka ukumbini kama shuka. Mwandishi akainua macho kwenye kioo. Mjumbe mmoja mwenye mvi akatoa simu, akaitazama tu. Mwingine akavua miwani. Hakuna aliyecheka.

"Huyo uliyemfikiria," mwandishi akasema, "na upande wa pili wanaye wa kwao. Saini mkataba kwa ajili yao wote."

Ukumbi ukasimama. Meneja naye akapiga makofi, kama wazo lilikuwa lake.

Mwandishi alipoteremka jukwaani, simu ya fundi ikatikisika mfukoni.

"Viyoyozi vilipozima nikajua ni wewe," mwandishi akasema. "Sasa jibu kama wengine. Ungempigia nani?"

"Shangazi yako."

"Dakika ya mwisho ya dunia, unampigia shangazi yangu?"

"Nimuulize posa anapokea siku gani. Ukikubali."

Mwandishi akanyamaza. Kipaza sauti kidogo cha mhadhara kilikuwa bado kwenye ukosi wake, na kwenye skrini ya fundi mstari ukalala chini. Fundi hakuutazama. Akavaa visikizi, akafumba macho, akaisikia pumzi yake, kisha kile kicheko cha siku ya sabuni kikija kutoka mbali.

"Umesikia?"

"Nimesikia ndiyo."

"Sijasema ndiyo."

"Najua. Nimeisikia inakuja."

"Basi mpigie shangazi," mwandishi akasema. "Mwambie mabomu yamepata posa."