Chupa Ilielekea Bondeni

Xavérine aliamka, akawasha mkaa, akabandika viazi vitamu. Ndivyo alivyoanza kila siku hapo Gatsata, mwaka 1991. Mume wake, Gratien, alikuwa fundi wa malori katika gereji za barabarani, juu ya soko la Nyabugogo. Wote wawili walitoka Bujumbura. Walikuja Kigali kutafuta maisha, na maisha yenyewe yakawa magumu. Kwa sababu ya vita vya kaskazini, malori yalipungua barabarani. Kazi ya Gratien ikapungua pia. Maharage yakapanda bei.

Walikuwa na watoto wawili. Muhire, mvulana, alikuwa mchangamfu, haketi chini. Mdogo wake, Kaliza, aliachishwa ziwa mapema. Sasa miguu ya Kaliza ilikuwa imevimba. Nywele zake zilikuwa chache na zimegeuka rangi ya kutu. Hakucheza, hata kulia hakulia sana. Alikaa tu pale alipowekwa.

Watu wa hapa huita ugonjwa huo wa utapiamlo bwaki. Xavérine aliujua, na aliuonea aibu. Ndiyo maana alimficha mtoto chumbani, nyuma ya pazia. Gratien naye alikuwa ameonya: "Mambo ya chakula chetu yabaki humu ndani. Sitaki kuchekwa gereji." Mimi siwalaumu. Katika nchi hii mtu mzima hapendi hata kuonekana akitafuna barabarani. Atawezaje kusema mbele ya mgeni kwamba nyumbani kwake hakuna chakula?

Asubuhi hiyo Xavérine alikwenda kuchota maji. Kwenye njia panda ya gereji akakuta watu wamekusanyika. Katikati alisimama dada mmoja mwenye begi begani. Jina lake Mukeshimana, na kazi yake ilikuwa utafiti wa afya. Kando yake alikuwa Bertrand, mkuu wa seli, yaani kiongozi wa mtaa, amevaa koti lake zuri kwa ajili ya mgeni.

Mukeshimana aliweka chini chupa tupu ya Fanta, akaizungusha.

"Anapiga ramli huyo!" fundi mmoja akasema. Watu wakacheka.

Chupa ikasimama. Mdomo wake ulielekea bondeni, kwenye nyumba za udongo, alikokaa Xavérine.

Bertrand hakufurahi. Alikuwa mtu mwema, tena mchapakazi, ila alipenda mno mtaa wake usifiwe.

"Oya, dada, zungusha tena," alisema. "Kule chini njia iko mubaya. Huku juu iko nyumba muzuri, na batoto banene. Na chai iko tayari."

"Asante kwa chai, mzee," Mukeshimana akajibu. "Lakini nikichagua nyumba mimi, au ukichagua wewe, tutaharibu kazi."

"Sasa chupa ndiyo iko na akili kutupita?"

"Haina akili hata kidogo. Ndiyo maana ninaitumia. Chupa haina rafiki wala ndugu mtaani. Hebu niambie, mzee. Ukinunua maharage Nyabugogo, unaangalia yale ya juu tu?"

"Apana! Bale benye kuuza banapanga mazuri juu. Mimi naingiza mukono mpaka ndani ya gunia."

"Basi ndivyo ninavyofanya mimi leo."

Mafundi wakapiga makofi. Bertrand mwenyewe akacheka, akaongoza njia ya bondeni.

Xavérine hakucheka. Alifika nyumbani mbio, maji yakimwagika. Alivuta pazia vizuri, kisha akakaa mlangoni kama mtu asiye na wasiwasi.

Zamu ya nyumba yake ilipofika, Mukeshimana alimuuliza Bertrand jina la mama huyo, akamwacha mbali kidogo, akaja peke yake.

"Mama Muhire, habari za asubuhi? Naomba kukuuliza maswali machache na kumpima mtoto. Una haki ya kukataa. Sikuletei unga wala pesa, nisikudanganye. Tunauliza katika mitaa mingi ya Kigali. Tukijumlisha majibu, tutajua watoto wa upande gani hawapati chakula cha kutosha. Jina lako halitasomwa popote."

"Uliza tu, dada."

"Jana watoto walikula nini?"

"Nyama. Na maharage. Na mboga," Xavérine alijibu haraka.

Nyama! Nyumba hiyo haikuwa imenusa nyama tangu Krismasi. Mukeshimana hakubisha. Alimzungushia Muhire mkononi utepe wa kupimia unene. Utepe huo una rangi tatu: nyekundu, njano na kijani. Mkono wa Muhire ulifika kwenye kijani.

"Huyu ni mzima. Kuna mtoto mwingine mdogo?"

"Hapana," Xavérine alisema, akiangalia chini.

Mukeshimana akatoa chaki ili atie alama mlangoni.

"Hiyo ya nini?"

"Inaonyesha kwamba nyumba hii tumeimaliza. Hatutarudi."

"Na nyumba zote hizi mtaingia?"

"Hatuwezi, mama, ni nyingi mno. Tunaingia chache. Kila nyumba tunayoingia inasema kwa niaba ya nyingine nyingi tusizoingia."

Xavérine aliitazama ile chaki. "Kwa hiyo mimi nikisema tunakula nyama..."

"Tutaamini kwamba na wenzako wengi wanakula nyama. Msaada utapelekwa kwingine, kwenye shida."

Xavérine aliangalia nyumba za jirani. Alijua moshi wa asubuhi ulivyokuwa mdogo huko. Chaki ilipogusa mlango, alisimama.

"Dada, usiandike bado."

Aliingia ndani, akatoka na Kaliza kifuani. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Nimekudanganya. Ninaye huyu. Na chakula ni viazi, mara moja kwa siku."

Mukeshimana alipiga magoti. Alibonyeza mguu wa Kaliza taratibu kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki.

"Angalia hapa, mama. Hajarogwa, wala wewe si mama mbaya. Viazi vinashibisha, lakini peke yake havijengi mwili. Mtoto anahitaji pia maharage, soya, karanga au dagaa. Lakini akishavimba hivi, usijaribu kumtibu nyumbani. Mpeleke kituo cha afya leo hii. Nakuandikia barua."

Gratien alikuja mchana, habari zikiwa zimemfikia.

"Umetutangaza!" alifoka.

"Mtazame mtoto, Baba Muhire. Kisha uniambie kama nilipaswa kunyamaza."

Gratien alimtazama. Alikuwa hajamtazama vizuri kwa muda mrefu, kwa sababu kumtazama kulimuumiza. Hasira ikamwisha. Akambeba Kaliza yeye mwenyewe, akapita naye mbele ya gereji zote mpaka kituo cha afya. Hakuna fundi aliyecheka. Mmoja aliacha kazi na kumsindikiza.

Kaliza alilazwa. Uvimbe ukaisha polepole, akabaki mwembamba sana, na mama yake akaogopa upya. Lakini hamu ya kula ikarudi. Kabla ya mwaka kwisha, alikuwa akimnyang'anya Muhire bakuli la uji, na Muhire akipiga kelele nyumba nzima. Xavérine aliwaacha wagombane, maana kelele hizo zilimfurahisha.

Majibu ya utafiti yalisomwa mkutanoni bila jina la mtu. Yalionyesha kwamba watoto wengi wa bondeni walikuwa na njaa. Bertrand aliinamisha kichwa, halafu akawa wa kwanza kutafuta chumba kwa ajili ya kituo cha lishe. Xavérine alikuwa miongoni mwa kina mama waliofundishwa kupika uji wa soya, mahindi na mtama, na baadaye naye akawafundisha wenzake.

Siku moja akaja Nyiramana, anayekaa kwenye zile nyumba nzuri za juu. Alisimama mlangoni mwa kituo cha lishe, hataki kuingia.

"Nina jamaa yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto wake amevimba miguu. Anaogopa watu watasema."

Xavérine hakumuuliza jamaa huyo ni nani. Aliweka mwiko chini, akafuta mikono.

"Twende tukamchukue sasa hivi, dada. Nitakusindikiza mpaka kwa muganga wa kituo cha afya."

Nyiramana hakuondoka pale mlangoni.

"Mtoto ni wangu," alisema.