Mume Wangu Alinipima Uaminifu kwa Mshale wa Mafuta

"Shuka! Shuka kwenye gari langu, malaya wewe!"

Nyie... maneno hayo niliambiwa kituo cha mafuta, mchana kweupe, mbele ya foleni nzima ya magari!

Na aliyenitukana si kichaa wa barabarani. Ni mume wangu wa ndoa!

Tulikuwa tunakwenda kumwona mgonjwa. Nimekaa kwenye usukani, yeye pembeni yangu. Mara taa nyekundu ya mafuta ikawaka, nikakata kona kuingia kituoni.

"Jumatano nimekupa mafuta ya wiki nzima," akasema. "Leo Jumamosi, tangi kavu! Unampeleka nani, wapi?"

"Nawapeleka watoto shule. Nachukua vitambaa sokoni. Basi!"

"Hiyo shule iko mwezini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wangu, akanivuta mkono mpaka nikashuka. Akaweka mafuta, akaondoka. Nikabaki nimesimama na mkoba wangu kama mzigo uliosahaulika.

"Dada, uko sawa?" muuza mafuta akaniuliza.

Nilitaka kumjibu niko sawa. Badala yake nikaanza kutembea kurudi nyumbani.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana najua mtanihukumu kabla sijamaliza.

Gari ni lake, ila kazini anaenda kwa basi la kampuni. Mimi ndiye ninayelitumia asubuhi. Nawashusha watoto shule, napitia sokoni, narudi, naliegesha mbele ya nyumba. Baada ya hapo naingia chumba cha nyuma kwenye cherehani yangu, na hapo sitoki mpaka jioni. Watoto wanarudi na gari la jirani.

Na ndani ya nyumba yupo mama mkwe. Alikuja kwetu baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti, goti likapona, yeye akabaki.

Siku ile nimerudi kwa miguu, miguu inawaka moto, nawakuta sebuleni mtu na mama yake.

"Mama, wewe unashinda hapa. Huyu huwa anatoka mchana?"

Mama mkwe akahema kwanza. Huyo mama anajua kuhema!

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima, sitaki kuvunja nyumba ya mtu. Akishaingia chumba cha nyuma mimi simwoni tena. Lakini mafuta hayatembei yenyewe."

Mume wangu akanigeukia.

"Nikithibitisha tu, unaondoka. Na watoto wanabaki hapa!"

Jamani... matusi ningeyameza. Lakini watoto wangu?

Nikasema sawa. Mimi kazi yangu ni kupima na kukata, nitashindwa kupima petroli?

Jumatatu nikajaza tangi mpaka juu kwa hela yangu ya ushonaji. Nikairudisha ile mita ndogo ya safari kwenye sifuri. Nikaendesha siku zangu kama kawaida, kisha nikajaza tena mpaka juu. Nikagawanya kilomita nilizotembea kwa lita zilizoingia.

Kilomita tano kwa lita!

Gari dogo kama lile! Lori lina nafuu!

Nikalikimbiza kwa fundi. Akakuta matairi hayana upepo wa kutosha, kichujio cha hewa kimejaa vumbi, na kwenye buti nimebeba majora ya vitambaa ambayo nilisahau hata kuyashusha. Hapo kosa ni langu, sikatai. Tukajaza upepo, tukabadilisha kichujio, tukashusha mzigo.

"Tangi halivuji?" nikamuuliza.

"Halivuji hata tone. Hili linatakiwa likupe kilomita kumi na mbili kwa lita, shemeji."

Nikapima tena. Sita!

Nikaanza kuogopa. Nikajiuliza, au kweli natembea usingizini?

Basi siku moja nimerudi sokoni, nikapiga picha dashibodi kwa simu. Mshale, na ile mita. Kesho yake asubuhi kabla sijawasha, nikapiga tena.

Kilomita ni zile zile. Gari halijasogea hata hatua moja... lakini mshale umeshuka!

Nikamkimbilia mume wangu na simu mkononi, nimefurahi kama mjinga.

"Baba watoto, ona! Halijaenda popote! Sitoki mimi!"

Akaangalia picha. Akanyanyua macho.

"Kwa hiyo unayafyonza na mpira unauza."

"Nini?!"

"Nimekubana kwenye umalaya, sasa naona ni wizi."

Na mama mkwe kutoka kwenye kochi: "Makubwa! Kumbe na wizi upo!"

Siku hiyo hiyo akaitisha kikao. Jumamosi mchana, upande wake aje baba yake mdogo, upande wangu aje kaka yangu. Ajenda ni moja tu, kunirudisha kwetu.

Jumamosi ikafika. Joto la kuchemsha maji. Wazee wamekaa sebuleni, mashati yamelowa. Mama mkwe akawasalimia, akashika kichwa.

"Naomba nijinyooshe kidogo, kichwa kinaniuma. Nikirudi tuanze."

Tukangoja... tukangoja...

Mimi nimeinamisha kichwa, nawaza watoto wangu. Nyumba kimya kabisa. Cherehani imezimwa, kwa mara ya kwanza mchana wa siku nyingi.

Ndipo nikasikia.

Mngurumo mdogo, kwa nje.

"Kaka, unasikia?"

"Nasikia. Ni gari."

Mume wangu akaruka. "Funguo ninazo mimi mfukoni!"

"Na zile za akiba ziko wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye kabati. Chumbani kwa ma..."

Akakimbilia mlangoni.

Tukatoka wote. Gari liko pale pale lilipoegeshwa, injini inaunguruma, vioo vimepandishwa. Baba mdogo akafungua mlango, ubaridi wa kiyoyozi ukatupiga usoni!

Mama mkwe huyo! Kiti amekilaza, viatu amevua, simu mkononi anaongea na binti yake, wala hajatuona!

"...nakwambia huyu mwanamke ataniulia mwanangu! Mafuta yote anayamaliza kwa mabwana!"

Akageuka. Akatuona.

Mimi nikainama ndani nikauliza kwa adabu zote, "Mama, huwa unakaa humu kila siku?"

"Joto la ndani ya nyumba yenu si nitakufa? Nakaa mchana tu, mpaka jua lipungue."

"Gari likiwa limewashwa?"

"Sasa ubaridi utatoka wapi? Kwani limekwenda mahali? Si limesimama? Gari lililosimama litakula nini?"

Nyie, alimaanisha kweli! Mama wa watu hakuwa anadanganya. Alinishtaki kwa moyo mweupe huku amekalia ushahidi!

Mume wangu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaegemea boneti.

"Mama bwana! Kumbe ni wewe! Utaniua wewe mama!"

Baba mdogo naye akacheka. "Haya, yameisha. Turudi ndani tule."

Mimi nilikuwa namwangalia mume wangu anavyocheka. Machozi ya furaha yanamtoka.

Nilipodhaniwa mimi, ilikuwa umalaya. Ikawa wizi. Nikatishiwa watoto. Alipokuwa mama yake, kikawa kichekesho!

"Hayajaisha," nikasema.

"Mke wangu, si umeona? Ni mama tu!"

"Nimeona. Mwambie basi naye ashuke, umvute mkono kama ulivyonivuta mimi kituoni."

Kicheko kikakatika.

"Usimkosee heshima mama yangu!"

"Umemsikia, baba mdogo?" nikasema. "Mimi heshima yangu haikuwa na mwenyewe."

Baba mdogo akaangalia chini. Nikaingia ndani, nikafunga nguo zangu na za watoto. Mume wangu akasimama mlangoni amefungua mdomo, lakini mbele ya wazee wale angesema watoto wanabaki kwa kosa gani? Kaka yangu akabeba mabegi.

Mama mkwe akatufuata mpaka nje. "Unaacha ndoa kwa sababu ya petroli?"

Nikawashika watoto mkono, tukaondoka.

Sasa niko kwa kaka, cherehani nimekuja nayo, watoto wanasoma. Juzi mume wangu akapiga simu. Nikajua leo anaomba msamaha.

"Gari limekuwa zuri," akaniambia. "Nimepima kama ulivyokuwa unapima. Kumi na mbili kwa lita!"

Nikamwambia hongera, nikakata simu.

Haya, somo chukueni. Jazeni upepo wa matairi, shusheni mizigo, na mkisimama muda mrefu zimeni injini, maana gari likisimama limewashwa linakunywa vile vile. Na ukiona mafuta hayaeleweki, nenda kwa fundi kwanza. Mkeo muulize kwa mdomo, halafu umsikilize anachokujibu.